Fowili iliyotumika: soma dalili zake kabla hujalipa

Fowili ya kwanza niliyonunua, yaani gari linaloweza kusukumwa na matairi yote manne, ilifaulu kila kipimo nilichokijua wakati huo. Iliwaka mara moja, usukani ulikuwa mwepesi, na kwenye lami ilikwenda imetulia kabisa. Nilivuta mkono wa fowili hadi 4H, yaani fowili ya mwendo wa kawaida, taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi, nikaridhika. Wiki ya tatu mvua ikanyesha. Nilifika kwenye mpando wa udongo wa mfinyanzi, nikaweka 4H, taa ikawaka kama kawaida, na matairi ya nyuma yakaanza kuchimba mashimo huku ya mbele yametulia tuli. Fundi aliyekuja kunitoa, mtu mzima, hakugusa hata boneti. Alilala kwenye tope, akamulika chini, akaniuliza, "Mwanangu, propela ya mbele iko wapi?" Haikuwepo, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliifungua na hakuirudisha. Kwenye flanji ya difu, lile boksi la gia la kwenye ekseli, palibaki matundu manne ya bolti, yameziba kwa udongo uliokauka.

Tangu siku hiyo nakagua fowili kwa kufuata wazo moja: vile vifaa vinavyolifanya gari liwe fowili havina kazi kubwa kwenye lami, kwa hiyo ubovu wake unaweza kukaa humo miaka bila mtu kuujua. Inabidi uviamshe mwenyewe kabla hujatoa hela. Vikiamka vitatoa dalili, ila dalili moja huwa na sababu mbili tatu. Mojawapo inatibika kwa grisi, nyingine inataka ekseli nzima. Kuzitenganisha ndiyo kazi yenyewe, na nyingi zinatenganishwa kwa jaribio dogo lisilohitaji mashine.

Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Beba tochi, bisibisi kubwa, jeki na stendi zake, vigingi vya kuzuia matairi, kitambaa cheupe, kipande kikubwa cha kadibodi, na mtu wa kukushikia usukani. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Na hakikisha karibu na hapo kuna uwanja wa changarawe au udongo, maana bila huo nusu ya gari hujaijaribu.

Kabla ya dalili: ni fowili ya aina gani?

Dalili ileile ni ugonjwa kwenye gari moja na ni tabia ya kawaida kwenye jingine. Land Cruiser 70, Hilux nyingi, Nissan Patrol Y60 na Y61, na Suzuki Jimny ni fowili za kuunganisha: kwa kawaida zinasukumwa na matairi ya nyuma, na ukiweka 4H ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimika kuzunguka kwa mwendo mmoja. Defender (hapa nasema za zamani tu), Discovery, Land Cruiser 80 nyingi na Prado 120 ni fowili muda wote; zina difu ya katikati inayoruhusu ekseli kupishana mwendo, na kwa nyingi unaweza kuifunga ukifika kwenye tope. Pajero zenye mfumo wa Super Select, ulioanza mwaka 1991, zinakupa yote mawili. Halafu kuna gari kama RAV4 za kuanzia 2006 na X-Trail, ambazo huvuta mbele na kuomba msaada wa nyuma zikiteleza. Hizo ni nzuri kwa barabara ya vumbi na mvua, ila hazina gia ya chini, yaani 4L, na hazikutengenezwa kwa mawe na makorongo.

Kama siku nyingi uko kwenye lami na mvua inakukuta njiani, mimi ningechukua fowili ya muda wote au Super Select, kwa sababu 4H ya kuunganisha huwezi kuitumia kwenye lami kavu. Kama unakwenda mbali na mafundi, fowili ya kuunganisha yenye ekseli nzima mbele na nyuma ina vitu vichache vya kukuangusha.

Kutu, nyufa, na rangi nyeusi mpya chini ya gari

Naanza na chesisi kwa sababu ikiwa imeoza sina haja ya kuangalia kingine. Injini inabadilishwa, giaboksi inabadilishwa; chesisi iliyooza ni gari jingine kabisa.

Lala chini na ugonge kwa mpini wa bisibisi, kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hujibu kwa sauti bubu, na maganda ya kutu yanakudondokea usoni. Kutu ya juujuu, ya rangi ya chungwa, isiyobanduka, isikutishe. Ya kuogopa ni ile iliyovimba kwa matabaka kama karatasi zilizolowa, hasa pale chesisi inapopanda kupita juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vishikizo vya springi, na kwenye pikapu, nyuma ya kebini. Chesisi nyingi ni mabomba, nazo huoza kutoka ndani: tope na chumvi huingia kwenye matundu na hazitoki. Toyota yenyewe ilipata kesi hiyo Marekani, na mwaka 2016 ikakubali mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 kuhusu chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia. Kwenye Defender bodi ya alumini inaweza kung'aa juu huku chesisi ya chuma imeisha. Angalia mhimili wa nyuma kabisa na sakafu ya miguuni mbele.

Ukikuta chini pamepakwa rangi nyeusi mpya juu ya gari la miaka 20, usilisifu. Omba ruhusa ya kukwangua sehemu mbili tatu. Muuzaji akikataa, amekujibu.

Nyufa huonekana kama mstari mwembamba wa kutu kwenye chuma kilicho safi. Zitafute pale boksi ya usukani inapofungwa kwenye chesisi, hasa kwenye gari lililovalishwa matairi makubwa. Mshono wa weldingi peke yake hauwi sababu ya kuondoka. Uliza ulifanywa kwa nini, kisha uangalie kama upande wa pili wa chesisi umepinda.

Taa ya 4H inawaka, lakini mbele hapavuti

Taa inakuambia kwamba ndani ya transifa, boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, kuna kitu kimesogea. Haijui kama habu, vile vifungio vinavyounganisha matairi ya mbele na shafti zake, zimefunga, wala kama shafti zipo.

Kwa fowili ya kuunganisha, nenda kwenye changarawe, pinda usukani mpaka mwisho, zunguka polepole ukiwa 2H, yaani matairi ya nyuma tu yakisukuma, kisha urudie ukiwa 4H. Katika 4H gari lazima libadilike: usukani unakuwa mzito, pua inataka kwenda nje ya mduara, changarawe inasagika chini ya matairi. Hiyo ni afya. Likizunguka kwa wepesi uleule wa 2H, ekseli ya mbele haifanyi kazi.

Sababu ya bei nafuu kuliko zote ni habu za kufunga kwa mkono zilizoachwa kwenye FREE, na inatokea sana. Ya pili ni mipira ya upepo iliyopasuka, kwa gari linalofunga ekseli kwa nguvu ya hewa. Kisha zinakuja habu zilizosagika ndani, shafti iliyokatika, na transifa yenyewe. Ili kutenganisha, zuia matairi ya nyuma kwa vigingi pande zote mbili, nyanyua tairi moja la mbele, weka habu zote mbili kwenye LOCK na mkono wa fowili kwenye 2H, uzungushe tairi kwa mkono. Propela ya mbele inapaswa kuzunguka nalo. Ikizunguka, habu na shafti za upande huo ni nzima na tatizo liko nyuma zaidi, kwenye transifa au kinachoiamuru. Isipozunguka, tatizo liko kwenye habu au shafti ya mojawapo ya pande mbili za mbele. Rudia upande wa pili. (Habari ya vigingi si ya mapambo: Defender na Discovery za vizazi viwili vya mwanzo zina handbreki inayoshika propela ya nyuma. Nyanyua tairi moja la nyuma, na handbreki hiyo haikushikii kitu.)

Linajikaza kwenye kona na hujaweka fowili yoyote

Hii ni kinyume cha ile ya juu. Ukikata kona kali mahali pakavu, gari linagoma, linaruka kidogo, ukiachia breki halisogei kama linavyotakiwa. Kwenye fowili ya kuunganisha ina maana 4H imekwama: mara nyingi shafti zimejikaza kwa sababu mtu aliendesha 4H kwenye lami, na kurudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka kunaziachia. Ikirudi hapohapo, transifa haitoki.

Kwenye fowili ya muda wote, difu ya katikati imefungwa na haifunguki, au kile kifaa cha mafuta mazito kinachoidhibiti kimeganda. Ila kabla ya kuihukumu transifa, soma maandishi ya matairi yote manne. Saizi tofauti, au mawili mapya na mawili yenye vipara, hufanya ekseli zisikubaliane kila mzunguko, kilomita baada ya kilomita. Gari lililotembea hivyo mwaka mzima linaweza kuwa limeshaumia ndani hata ukilivalisha matairi mapya leo.

4L haiingii, au inaruka ukiwa kwenye mteremko

Simamisha gari kabisa, giaboksi iwe N, ndipo uvute. Ikigoma, sogea nusu mita ujaribu tena, maana meno ya gia yanaweza kuwa yamekutana uso kwa uso. Mkono usiosogea kabisa, kama umewekewa saruji, mara nyingi ni viungo vya nje vilivyoshika kutu kwa kutotumika. Vinaachia kwa mafuta na uvumilivu. Gari linalobadilisha kwa swichi likiwasha taa inayopepesa bila kukoma, mota yake imekwama au sensa imekufa. Mota za kufunga difu ya nyuma kwenye Land Cruiser 80 zinajulikana kwa hilo: zisipotumika zinaganda.

Kuruka ni jambo zito zaidi. Tafuta mteremko, weka 4L na gia ya kwanza, ondoa mguu kwenye mafuta ili injini ilishike gari. Mkono ukirudi wenyewe kwenye N, gari linateremka bila injini. Inaweza kuwa bushi za mkono zimeisha, na hiyo ni kazi ndogo. Inaweza pia kuwa uma na gia za ndani zimelika. Hapa napiga hesabu ya transifa nzima, kwa sababu kujua kwa hakika kunataka ifunguliwe.

Ta-ta-ta kwenye kona, au maji meusi kwenye kifundo cha tairi la mbele

Mlio wa ta-ta-ta usukani ukiwa umepindwa mwisho ni jointi za CV, viungo vya shafti vinavyozungusha tairi la mbele hata likiwa limepindwa. Wengi hukosea hapa: kwenye fowili ya kuunganisha yenye habu zilizofunguliwa, jointi hizo hazizunguki, kwa hiyo kuendesha 2H huku umetega sikio hakukuambii lolote. Funga habu, weka 4H kwenye changarawe, pinda, kanyaga mafuta taratibu, madirisha yakiwa wazi.

Kwenye Land Cruiser zenye ekseli nzima mbele, jointi hiyo imekaa ndani ya bakuli la chuma nyuma ya tairi. Pitisha kidole kwenye lile duara. Grisi nyeusi nzito, utando mwembamba tu, ni sawa. Sili ya nje inapangusa kama inavyotakiwa. Ukikuta kitu chepesi kama mchuzi, chenye harufu kali ya oili ya difu, kimechirizika mpaka kwenye rimu, basi sili ya ndani ya ekseli imekufa, oili ya difu imeingia kwenye bakuli na inaiosha grisi ya jointi na ya beringi. Bila mlio wowote, hiyo ni kazi ya sili na siku nzima ya kuchafuka. Mlio ukiwepo pia, jointi imeshatembea bila grisi.

Kwenye gari ambalo kila tairi la mbele lina mikono yake, angalia mipira ya shafti. Mpira uliopasuka hurusha grisi kwenye ukuta wa ndani wa rimu, ikakaa pale kama alama ya brashi. Ikiwa grisi bado mbichi na hakuna mlio, umeuwahi.

Usukani unatikisika kama umeshikwa na degedege

Unaenda kilomita 70 au 80 kwa saa, unapita kwenye kishimo, na ghafla mbele kote kunatikisika kwa nguvu hadi unalazimika karibu kusimama. Ni dalili ya fowili zenye ekseli nzima ya mbele: Patrol, Defender, Jeep Wrangler, Jimny, Land Cruiser za zamani. Inatisha, na wauzaji hushusha bei sana kwa ajili yake. Kwangu hiyo ni sababu ya kuitafuta kwa makini, kwa kuwa mara nyingi chanzo ni bushi na beringi, vitu vinavyobadilishika.

Anza na usawazishaji wa matairi, maana hata gari zima hutikisika kidogo tairi likiwa halijasawazishwa. Mtikisiko huo huja na mwendo fulani na kuondoka mwendo ukizidi. Ule wa degedege huchokozwa na kishimo na hauachi mpaka upunguze mwendo.

Sasa lala mbele ya gari, matairi yakiwa chini, injini inawaka, handbreki imevutwa na vigingi vimewekwa, na msaidizi wako acheze usukani kushoto kulia, kidogo kidogo na haraka. Tazama kila kiungo kwa zamu. Panadi rodi, ule mkono mrefu unaozuia ekseli isiende pembeni, ndio wa kwanza. Ncha zake zisisogee hata kidogo upande upande. Ikisogea, tazama vizuri: kama ni mpira wa bushi unaojinyonga, bushi inatosha, kama ni bolti inayocheza ndani ya tundu, tundu limekuwa yai na bushi mpya haitasaidia mpaka lijazwe na kutobolewa upya. Kisha tairodi, moja baada ya nyingine.

Kisha nyanyua tairi, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki kwa nguvu na utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za tairi. Breki imeunganisha habu na kifundo. Mchezo ukibaki, ni beringi za kingipini au bol jointi, viungo ambavyo tairi hupindia. Jaribio hili linachukua dakika mbili na linatenganisha kazi ya saa moja na kazi ya siku mbili.

Mambo mawili ya kuyatilia shaka. Shokapu mpya ya usukani inayong'aa kwenye gari ambalo kila kitu kingine kimechoka: imewekwa kuficha mtikisiko. Na gari lililonyanyuliwa. Ukinyanyua gari lenye koili springi na ekseli nzima, ekseli hujipindua kidogo na ile pembe inayofanya matairi yarudi yenyewe katikati inapungua. Mpaka kama milimita 50 gari nyingi huvumilia. Zaidi ya hapo bila kusahihisha pembe, gari linatangatanga kwenye lami na kila upepo wa lori unalihamisha njia. Unayetaka gari la lami na la porini pia, gari lililonyanyuliwa sana si lako, hata kama lina sura ya kupendeza.

Kishindo ukikanyaga na kuachia mafuta

"Tung" moja chini ya sakafu, ukitoka D kwenda R, au ukiachia mafuta na kukanyaga tena. Zima injini, weka vigingi, giaboksi iwe N, shika propela kwa mikono miwili uizungushe huku na huku. Usitafute mchezo wa jumla, kwani fowili ina meno mengi na kila moja lina nafasi yake ndogo. Defender nzima kabisa ina kishindo kidogo. Tafuta mchezo uko wapi. Krosi ya propela, kile kiungo chenye umbo la msalaba, haitakiwi kuwa na mchezo wowote unaouona kwa macho. Ukiona unga mwekundu kama pilipili kavu pembeni ya kofia ya krosi, sindano za ndani zimekauka na zinasagika. Krosi ni za bei nafuu.

Kama kishindo kinakuja hasa ukisimama, sekunde moja baada ya gari kutulia, ni ile sehemu ya propela inayoteleza kurefuka na kufupika. Inataka grisi kwenye nipeli yake. Nimewahi kuona gari limetajiwa difu mpya, nalo likapona kwa pampu tano za grisi.

Kama propela zote ziko shwari na flanji ya difu yenyewe inazunguka sana kabla tairi halijasikia, hapo ndipo difu imelika.

Mvumo

Mvumo unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta unatoka kwenye difu. Unaobadilika ukiyumba kushoto na kulia unatoka kwenye beringi za tairi. Ukiyumba kushoto uzito unaenda kulia, na beringi ya kulia inapiga kelele zaidi. Unaobadilika barabara ikibadilika ni matairi. Matairi ya tope yenye kashata kubwa huvuma kiasi cha kufunika mengine yote, na kwa gari lililovalishwa hayo usijidai umesikia. Nyanyua kila tairi, lizungushe, weka kiganja kwenye springi: beringi iliyochubuka utaihisi ikikwaruza kabla hujaisikia.

Oili kama maziwa, na dalili za gari lililozama

Fungua nati ya kujazia difu, ya juu, kamwe usianze na ya chini, utakuja kushindwa kurudisha oili. Chovya kidole. Oili ya kahawia au nyeusi ni umri tu. Ya rangi ya kahawa ya maziwa ina maji. Difu iliyopata moto ikitumbukia mtoni hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta. Tundu lake la kupumulia likiwa limeziba na tope, huvuta maji kupitia sili. Sumaku ya nati ikiwa na ujiuji laini wa kijivu ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu si kawaida.

Oili ya difu moja ikiwa maziwa, kagua zote, na transifa, na giaboksi. Kisha ingia ndani ya gari. Vuta mikanda ya siti mpaka mwisho kabisa, maana hakuna anayekumbuka kuiosha huko. Mstari wa tope kwenye mkanda ni kimo cha maji. Nyanyua zulia, tazama bolti za siti na plagi za nyaya chini ya dashibodi: ukungu wa kijani kwenye shaba utakusumbua miaka. Gari la zamani la mitambo, lililokaushwa na kubadilishiwa oili zote mapema, linaweza kupona. Gari la kompyuta nyingi lililolowa mpaka dashibodi mimi siligusi.

Moshi, na vumbi mahali pasipotakiwa

Gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, mwenye gari amekutangulia, na kuwaka kwa asubuhi ndiyo dalili uliyoijia. Rudi siku nyingine.

Moshi mweupe unaoisha ndani ya dakika moja kwenye dizeli ya zamani ni baridi au plagi za kupasha moto. Usioisha, na maji ya rejeta yanapungua, ni gasketi au silinda hedi. Ili kuhakikisha, shika mpira wa juu wa rejeta muda mfupi baada ya kuwasha: ukiwa mgumu kama tairi wakati maji bado ya baridi, mgandamizo wa silinda unaingia kwenye maji. Toyota 1KZ-TE ya lita 3.0 inajulikana kwa hedi zinazopasuka, kwa hiyo kwa injini hiyo jaribio hili halirukwi. Mweusi ni mafuta mengi au hewa haba: kichujio, mpira wa tabo uliopasuka, nozeli. Wa bluu ni oili inayoungua.

Wa bluu kwenye fowili una chanzo chake cha pekee. Fungua bomba la hewa baada ya kichujio, upande unaoingia kwenye injini, na upitishe kitambaa cheupe ndani. Kitambaa kitoke kisafi. Kikitoka na vumbi laini kama unga, vumbi hilo limekuwa likipita kwenda kusaga ringi na kuta za silinda. Bomba refu la kuvutia hewa juu halithibitishi lolote. Mengi yamefungwa bila kuziba maungio, na yanavuta vumbi papo hapo kwenye fenda. Ukikuta vumbi, washa injini, legeza kifuniko cha kujazia oili na ukilaze juu ya tundu. Kikitetemeka kidogo, sawa. Kikirushwa, na moshi ukitoka kwa mapigo, ringi zimekwisha.

Injini nyingine zina kasoro zake za kuulizia kwa jina. 1HD-T ya Land Cruiser 80: beringi za koni rodi zilibadilishwa lini? 1KD-FTV za mwanzo: sili za nozeli zilibadilishwa, na chujio la oili ndani ya sampu lilisafishwa? Pathfinder R51 na Navara D40 za otomatiki, kati ya 2005 na 2010: tazama chupa ya maji, rangi ya maziwa ya waridi maana yake rejeta imepasuka ndani na maji yameingia kwenye giaboksi. Hiyo ya mwisho ni ya kuondoka mara moja. Mkanda wa taimingi usio na karatasi ya ushahidi uhesabu kuwa haujabadilishwa. Taa ya T-BELT inayowaka kila kilomita 100,000 kwenye dizeli nyingi za Toyota inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa.

Joto linapanda porini, kwenye lami hakuna shida

Kwenye lami upepo wa mwendo unapoza rejeta peke yake. Ukiwa 4L kwa mwendo wa kutembea, kazi yote iko kwa feni. Kwa hiyo gari lenye feni dhaifu linaweza kukupeleka safari nzima ya lami bila dalili. Baada ya kuliendesha, liache linawaka limesimama dakika 20 na AC ikiwa imewashwa. Joto likipanda, angalia kati ya rejeta na kondensa ya AC kwa tochi. Tope lililokauka humo huziba kama plasta, na maji yanalitoa. Pakiwa safi, ni klachi ya feni. Usiitegemee sindano ya joto ya Toyota peke yake: hukaa katikati kwa eneo pana sana, na ikianza kupanda umeshachelewa.

Mwisho: kadibodi

Ukimaliza yote, egesha mahali pa tambarare, tandaza kadibodi kuanzia mbele mpaka chini ya transifa, na mwache muuzaji akueleze habari za gari kwa nusu saa. Kisha ivute. Tone la maji safi upande wa abiria, AC ikiwa ilikuwa imewashwa, ni la AC. Tone jekundu chini ya katikati ni la otomatiki au usukani. La kahawia lenye harufu kali ni la transifa au difu. Funga macho ulinuse, harufu yake huwezi kuikosea. Lenye utamu wa harufu, la kijani au waridi, ni la rejeta. Chora duara kuzunguka kila tone, andika pembeni limeanguka chini ya nini, na ukae na muuzaji mkiitazama hiyo kadibodi pamoja wakati wa kupatana bei.